Jirani Akikuzidi Nguvu: Namna ya Kumpata Rafiki wa Mbali

Vijana wanaojiandaa na kazi ya ubalozi nikiwafundisha, huwa naanza na swali moja: yule mkubwa wa mbali atapoteza nini jirani yako akikumeza? Historia ya pamoja na hotuba tamu hazileti manowari.

Kama hana cha kupoteza, mtengenezee. Mwaka 1986 meli za Kuwait zilikuwa zikiandamwa na Iran. Kuwait ikaomba ulinzi Washington, na papo hapo ikabisha hodi Moscow. Wasovieti wakakubali kuikodisha meli tatu. Marekani, iliyokuwa ikisitasita, kusikia hivyo ikazinduka: meli 11 za mafuta za Kuwait zikapandishwa bendera ya Marekani, na kuanzia Julai 1987 zikasindikizwa na manowari zake. Msafara wa kwanza tu, meli ya Bridgeton ikagonga bomu la majini. Wamarekani hawakuondoka, maana bendera iliyoaibishwa sasa ilikuwa yao. Huo kwangu ni ufundi wa hali ya juu: mahasimu wawili wakubwa, kila mmoja hataki mwenzake awe ndiye mlinzi.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, kwa hiyo isogeze mapema. Singapore iliwafungulia Wamarekani vituo vyake vya anga na bandari kwa mkataba wa 1990, pakiwa shwari.

Ila kambi moja haitoshi. Qatar ilikuwa na ya Marekani pale Al Udeid, kubwa kweli, na bado Juni 2017 Saudi Arabia na wenzake wakaifungia mipaka na anga. Saudia nayo ni rafiki wa Marekani, unategemea nini? Walioongeza askari upesi ni Uturuki. Albania ndiyo mfano mbaya zaidi: ilikosana na Moscow 1961, ikaegemea China peke yake, na China ilipokata misaada 1978 ikabaki yatima.

Halafu chunga mdomo. Kipindi cha hatari ni kati ya tangazo na ulinzi wenyewe. Aprili 2008, mjini Bucharest, NATO iliiahidi Georgia uanachama bila kutaja tarehe. Agosti vifaru vya Urusi vikawa ndani ya ardhi yake.

Na jirani akikubali kukaa mezani, mkaribishe. Mapatano ya ulinzi ya 1971 yanayoiunganisha Singapore na Uingereza, Australia na New Zealand yana Malaysia pia, ileile iliyoachana nayo 1965.