Unapofunga turbo kwenye injini isiyokuja nayo: panga upya njia za kupumua

Gari la kwanza nililolifunga turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) lilianza kuvuja oili kwenye sili ya nyuma ya krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) wiki mbili tu baadaye. Nikabadilisha sili, ikavuja tena. Nikashusha giaboksi mara ya pili, nikafunga nyingine, na safari hii dipstiki (kijiti cha kupimia oili) yenyewe ilichomoka nilipokanyaga mafuta kupandisha mlima. Sili zote mbili zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa valvu ya PCV, inayotoa gesi kwenye tumbo la injini, niliyoiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Hakuna ringi za pistoni zinazoziba kabisa. Kila mwako unapenyeza gesi kidogo kwenda kwenye kasha la krenki (tumbo la injini), na gesi hizo hubeba mvuke wa maji, petroli isiyoungua na ukungu wa oili. Injini isiyo na turbo huzitoa kwa njia mbili. Ikinguruma bila kukanyagwa, mvuto wa manifoldi ya hewa (bomba linalogawia silinda hewa) huzinyonya kupitia PCV, huku hewa safi ikiingia kwa hosi ya pili inayotoka kwenye bomba la kichujio. Ukikanyaga hadi mwisho, mvuto hupotea na gesi hutokea kwenye hosi hiyo ya pili.

Turbo hubadilisha mambo mawili kwa pamoja. Gesi zinazopenya huongezeka kwa sababu shinikizo ndani ya silinda limeongezeka, na ile manifoldi iliyokuwa ikivuta sasa inasukuma. PCV ikivujisha hata kidogo, turbo inajaza upepo kwenye tumbo la injini.

Hatua ya 1: Pima hali ya injini kwanza
Fanya kipimo cha kompresheni, kisha kipimo cha uvujaji wa silinda (hewa yenye shinikizo huingizwa, ikapimwa asilimia inayopotea). Uvujaji chini ya asilimia 10 naukubali. Ukizidi 20, na hewa unaisikia ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zimechoka, usifunge turbo. Hakuna hosi nene wala kopo la kunasa oili litakaloficha ringi mbovu.

Hatua ya 2: Chora hosi zote kwenye karatasi
Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na kwangu ndiyo kazi yenyewe. Kwenye kila ncha ya kila hosi andika hali tatu: injini ikinguruma tu, gari likienda mwendo wa kawaida, na turbo ikisukuma. Weka alama ya kutoa (−) palipo na mvuto, alama ya kujumlisha (+) palipo na msukumo. Hosi yoyote yenye kujumlisha upande wa hewa na njia wazi kuelekea kwenye kasha ni lazima ipate valvu au ihamishwe.

Hatua ya 3: Hamisha hosi ya kupumulia
Hii ni ile hosi ya pili ya hewa safi; kwenye injini asilia huingia kati ya kichujio na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Ukishafunga turbo, sehemu kubwa ya bomba hilo inakuwa baada ya kompresa (upande wa turbo unaosukuma hewa), yaani penye msukumo. Ihamishie kati ya kichujio na mdomo wa kompresa, ambako turbo inapovuta hewa hupatikana mvuto mdogo unaosaidia kutoa gesi. Kama gari lina sensa ya kupima mtiririko wa hewa, tundu liwe baada ya sensa; likiwa kabla yake, ukungu wa oili utaichafua.

Mimi hutumia hosi ya kipenyo cha ndani cha milimita 16 hadi 19, inayostahimili oili na petroli, na isiyojibana ikivutwa. Ipitishe mbali na manifoldi ya moshi. Oili ikidondokea chuma kilichoiva kwa joto, huo ni moto.

Hatua ya 4: Linda njia ya PCV
Weka valvu ya njia moja, ya chuma, kati ya PCV na manifoldi. Kutikisa PCV na kusikia ikilia hakutoshi. Mlio unaonyesha kwamba haijakwama, hausemi kama inaziba. Ijaribu valvu hiyo ya njia moja ikiwa mezani: tia hewa upande wa manifoldi kwa shinikizo lile lile utakaloendeshea, paka maji ya sabuni upande wa pili, utazame mapovu. Yakitoka, itafute nyingine.

Wapo wanaoondoa PCV kabisa na kuacha njia zote zitokee kwenye kopo. Kwa gari la mashindano sawa. La barabarani nalishauri libaki nayo, kwa sababu ndiyo inayotoa mvuke wa maji kabla haujachanganyika na oili.

Hatua ya 5: Funga kopo la kunasa oili
Oili ikiingia kwenye silinda hupunguza oktani ya mchanganyiko (uwezo wake wa kutojilipukia wenyewe), na injini yenye turbo huanza kugonga mapema zaidi. Kopo liwe limezibwa, lenye vibati vya kuzuia na wavu wa chuma kisichoshika kutu, tena wavu huo ubanwe na bati lenye matundu. Uzi mmoja wa wavu ukifika kwenye mapanga ya kompresa ni hasara kubwa. Liweke kwenye hosi ya Hatua ya 3. Unachomwaga humo kina maji na petroli, usikirudishe kwenye injini.

Hatua ya 6: Kagua mrija wa kurudishia oili
Oili hutoka kwenye turbo kwa kushuka yenyewe tu. Mrija uwe mpana, uteremke bila kona, na uingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Kasha likiwa na shinikizo, oili haishuki, hupita kwenye sili za turbo na gari hutoa moshi wa bluu. Turbo nyingi nzima zimetupwa kwa sababu hiyo.

Hatua ya 7: Pima ukiwa barabarani
Toboa mfuniko wa zamani wa oili, weka nipeli, unganisha mrija mwembamba unaopitisha mwanga, uupinde kama herufi U na utie maji. Kila upande uwe na urefu wa mita moja, maji yasije yakavutwa ndani. Mwenzako asome wewe ukiendesha. Tofauti ya sentimita 10 kati ya pande mbili ni takriban kilopaskali 1. Turbo ikisukuma, napenda maji yakae karibu sawa au yavutwe kidogo kuelekea injini. Yakisukumwa kupita sentimita 20, naondoa mguu, narudi kwenye mchoro wa Hatua ya 2 na kuanza na valvu ya njia moja.