Jinsi ya kumiksi ngoma kwa mono kwanza afu ndo ufungue stereo, hatua kwa hatua

Kuna ngoma nilimiksi zamani kidogo (kumiksi ni kuchanganya treki, yani sauti zilizorekodiwa moja moja, ziwe wimbo mmoja), gitaa nimelitanua kulia na kushoto mpaka ukivaa hedfoni unajiona umekaa katikati ya bendi. Siku inapigwa ukumbini gitaa halipo. Sio kwamba lilikuwa dogo, HALIPO, imebaki besi na dramu na mwimbaji anaitikia kitu ambacho hakisikiki. Mwenye gitaa kanifuata kaniuliza gitaa langu umelipeleka wapi, na sikuwa na jibu. Jibu nililipata baadae: spika zote za ule ukumbi zilikuwa zinapiga mono, na mimi ule upana niliupata kwa kukopi treki moja, kuigeuza polariti (wimbi linapopanda, kopi yake inashuka) na kuitupa upande wa pili. Kushoto na kulia zikijumlishwa, moja inasukuma nyingine inavuta, jumla yake sifuri.

Tangu hapo kila miksi yangu inaanzia mono, naandika hapa navyofanya kwa mpangilio ili yasikukute.

Kwanza tuelewane. Mono sio muziki wa zamani na wala sio nusu ya stereo (stereo ni kushoto na kulia, kila upande na sauti yake). Mono ni kushoto na kulia zimejumlishwa zikawa kitu kimoja, na watu wengi wanasikiliza ngoma yako hivyo bila hata kujua, kuna spika ndogo ya bluetooth, spika za dari madukani. Hata redio ya FM, ilipoanza kurusha stereo Marekani 1961, mfumo ulipangwa makusudi kwamba mawimbi makuu yabebe jumla ya kushoto na kulia ili mwenye redio ya mono asikose kitu, na ile tofauti ya pande mbili inasafirishwa pembeni. Ndo maana mawimbi yakiwa dhaifu redio ya gari inajirudisha mono yenyewe. Kwahiyo usiseme "nani anasikiliza mono siku hizi", wapo, tena wengi.

HATUA YA 1: Pata mono ya kweli

Hapa watu wengi wanakosea kabla hata hawajaanza. Kuchomoa waya wa spika moja sio mono! Unakuwa unasikia chaneli ya kushoto tu, na kila kilichopaniwa (kilichosogezwa upande) kulia umekipoteza. Mono ni lazima zijumlishwe kwanza. Programu nyingi za kurekodia zina kitufe cha mono upande wa kusikilizia, na kama yako haina weka plagini (programu ndogo ya kuongezea) ya upana mwisho kabisa wa masta (njia ya mwisho inapopita ngoma nzima) uishushe mpaka sifuri. Jaribio lake rahisi: chukua treki yoyote, ipani kulia kabisa, afu sikiliza spika ya kushoto. Kama huisikii bado hujafika mono.

Ukishajumlisha, zima spika moja ubaki na moja. Najua inaonekana kama ushirikina ila sababu ipo. Spika mbili zikipiga kitu kilekile, kila sikio linapata sauti mara mbili, ya spika ya karibu na ya spika ya mbali inayochelewa kama robo ya milisekunde, na ule uchelewaji unachimba shimo maeneo ya Hz 2000 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ikipanda sauti inakuwa nyembamba), palepale kwenye uwazi wa sauti ya mwimbaji. Spika moja haina hilo shimo. Hata studio kubwa zilikuwa na kispika kimoja kidogo cha Auratone katikati ya meza kwa kazi hii hii. Huna spika? Hedfoni inasaidia kugundua matatizo ya fezi (mawimbi kufutana yakijumlishwa), ila kwa balansi sio nzuri sana maana kila kitu kinakaa ndani ya kichwa.

HATUA YA 2: Balansi kwa feda tu, sauti chini

Shusha sauti mpaka mtu akiongea pembeni yako unamsikia bila shida. Shusha feda zote (vile vitelezi vya sauti vya kila treki). Anza na kitu muhimu kuliko vyote kwenye ngoma, kwangu mara nyingi ni mwimbaji, wengine wanaanza na kiki (ile dramu kubwa ya mguu), haina ubaya, afu ongeza kimoja kimoja. Usifungue plagini yoyote bado. Ukiona mkono unakuwasha kufungua ikwalaiza (ya kupandisha au kukata sauti za chini, kati na juu) rudi kwenye feda, matatizo mengi ninayotumiwa na vijana yanaisha hapa.

Kitu kimoja cha kujua mapema. Programu nyingi zinashusha treki iliyo katikati desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ili isizidi nguvu ile iliyo pembeni. Kwahiyo ukitafuta balansi vitu vyote vikiwa katikati, afu ukapani gitaa pembeni kabisa, ukirudi mono lile gitaa litakuwa limeshuka desibeli 3 dhidi ya vitu vya katikati. Kwa mpangilio huo hilo halikwepeki, ni hesabu tu. Mimi napani vitu vikubwa kwa haraka haraka kwanza, afu ndo nabonyeza mono na kutafuta balansi. Na kama kuna kitu ngoma haiwezi kuishi bila hicho, mfano ile melodi ambayo watu wanaiimba, usikitupe pembeni kabisa peke yake. Kiache katikati au karibu na katikati.

HATUA YA 3: Ikwalaiza ukiwa bado mono

Hapa ndo utamu ulipo. Kwenye stereo ukiwa na gitaa kushoto na kinanda kulia, sikio linavitenganisha lenyewe hata kama vyote vimejazana eneo moja, yani unapewa msamaha ambao hujaufanyia kazi. Kwenye mono hakuna msamaha, vikigombana vinagombana mbele yako. Ukifanikiwa kuvitenganisha hapo, siku unafungua stereo miksi inapumua yenyewe.

Navyofanya: nacheza sehemu yenye vitu vingi, mara nyingi kiitikio, nazima treki moja kwa sekunde chache afu naiwasha. Ikizimwa mwimbaji akaanza kueleweka ghafla, nimempata mgomvi. Badala ya kumpandisha mwimbaji, namkata mgomvi kidogo, desibeli 2 au 3 maeneo ya Hz 2500 mpaka 3000, nasikiliza tena. Gitaa na kinanda nakata chini ya Hz 100 hivi, ila kama ngoma ni gitaa na sauti tu usikate, utalikonda bure. Usifanye haya ukiwa kwenye solo! Gitaa likisikika peke yake linaweza kuwa jembamba na baya kabisa, ila ndani ya miksi likakaa vizuri kama limezaliwa hapo.

Kiki na besi amua nani anakaa chini. Kama kiki ina uzito Hz 50 mpaka 60, besi iachie iongoze 80 mpaka 100, au kinyume chake, inategemea ngoma. Na kabla ya kugusa ikwalaiza geuza polariti ya besi usikilize, geuza tena urudi. Upande ambao chini kumejaa zaidi ndo sahihi. Hii ni lazima kama besi umeirekodi njia mbili, waya moja kwa moja na maikrofoni mbele ya spika yake, maana hizo mbili hazifiki kwa wakati mmoja. Maikrofoni ikiwa sentimita 34 tu mbali, sauti inachelewa milisekunde 1, na milisekunde 1 inatosha kufuta Hz 500 ukizijumlisha zikiwa na nguvu sawa. Sogeza moja kwenye taimlaini mpaka mawimbi yapande na kushuka pamoja.

HATUA YA 4: Tafuta upana wa uongo

Baki mono, washa na zima kila treki ya stereo, sinthi, kwaya, kinanda, gitaa la kudabo (lililorekodiwa mara mbili), na ubadilishe mono kwenda stereo huku unasikiliza. Kitu kikishuka kidogo ni kawaida. Kikibadilika tabia, kikawa kama kinatokea ndani ya bomba au kikapotea, hapo kuna tatizo la fezi.

Mshukiwa wa kwanza ni ile mbinu ya kukopi treki na kuichelewesha upande mmoja. Inatokana na kitu cha kweli kabisa, Helmut Haas aliandika tasnifu yake 1949 kuhusu namna sikio linavyoifuata sauti iliyotangulia na kuiunganisha na ile inayokuja milisekunde chache nyuma yake. Kwenye hedfoni inapendeza sana. Sasa ijumlishe: ukichelewesha milisekunde 10, Hz 50 inafutika, 150 inafutika, 250, 350, mpaka juu huko, imekuwa kama kitana. Huwezi kuirekebisha kwa ikwalaiza maana hakuna kitu cha kupandisha, kimeshafutika.

Dawa yake ni moja na haina njia ya mkato: rekodi mara mbili. Mpiga gitaa apige tena, mwimbaji wa nyuma aimbe tena, moja kushoto moja kulia. Binadamu hawezi kurudia sawasawa, zile tofauti ndogo za muda na mkono zinafanya treki mbili zijumlike bila kufutana. Msanii ameshaondoka na una treki moja tu? Iache upande mmoja na upande wa pili peleka riverbu (mwangwi wa chumba) yake fupi, au iache karibu na katikati uiwekee riverbu ya chumba ya stereo. Haitakuwa pana vile, ila itafika ukumbini ikiwa nzima.

Mshukiwa wa pili ni plagini za kutanua na zile prisiti (sauti zilizopangwa tayari) za sinthi zenye korasi nzito (sio kiitikio, ni efekti inayofanya sauti moja isikike kama nyingi). Sizikatazi, nazitumia, ila kwenye vitu vya mapambo, vile ambavyo vikipungua nusu kwenye mono ngoma haitaumia.

HATUA YA 5: Sasa fungua stereo

Washa spika zote mbili, kaa pembetatu, umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kila spika mpaka kichwani kwako. Utashangaa hapa, nafasi ipo kila mahali. Kiki, besi, snea na mwimbaji mkuu vinabaki katikati. Vingine pani kwa ujasiri, kupani nusu nusu kila kitu kunaleta uji. Kitu kikienda kushoto kitafutie mwenzake wa kulia wa eneo lilelile, haihati na shekeri, gitaa na kinanda.

Chini ya Hz 120 hivi nafanya mono yote. Wimbi la Hz 60 lina urefu wa karibu mita 6, sikio kulionyesha linatoka upande gani ni shida, kwahiyo stereo huko chini hupati faida kubwa na unaipa spika moja kazi ya mbili. Wanaokata santuri wanalijua zaidi, kwenye santuri ya stereo jumla inaitikisa sindano kwenda pembeni na tofauti ya pande mbili inaitikisa juu na chini, besi ikiwa pana sana sindano inaweza kuruka mfereji.

HATUA YA 6: Riverbu na dilei

Riverbu ya stereo inapungua ukienda mono, kuliko mwimbaji mkavu aliye katikati. Nikipanga kwenye stereo, kwenye mono mwimbaji anakuwa mkavu. Nikipanga kwenye mono, kwenye stereo anazama. Naishia katikati, na kama ngoma inategemea sana mwangwi, naweka dilei (inayorudia sauti baada ya muda mfupi) moja ya mono palepale nyuma ya mwimbaji, hiyo haikimbii popote.

Angalia pia mita ya korelesheni kama unayo, inayopima kushoto na kulia zinavyofanana. Inaanzia +1 mpaka -1, ikikaa upande wa chanya muda mwingi upo salama, ikigusa hasi kwa sekunde moja usihangaike, ikikaa hasi rudi hatua ya 4. Ila masikio kwanza, mita haijui kama kilichopotea ni melodi au ni pambo.

HATUA YA 7: Nenda na rudi

Kuanzia hapa nabonyeza mono kila baada ya dakika kadhaa, sekunde ishirini hivi, narudi. Sitafuti mono ipendeze kama stereo, haitapendeza, itakuwa ndogo na ya mbele mbele na ndo ilivyo. Natafuta majibu matatu tu: maneno yanaeleweka? melodi ipo? besi na kiki bado vinaongea? Kimoja kikiwa hapana narekebisha nikiwa mono na kuthibitisha kwenye stereo. Afu naisikiliza kwenye simu imelala mezani, nikiwa chumba cha pili.

Ukimaliza zima kitufe cha mono KABLA ya kutoa faili. Kama uliweka ile plagini kwenye masta na ukaisahau, unamtumia mteja ngoma ya mono na kazi yote ya hatua ya 5 imebaki kwenye kompyuta yako, kwahiyo kama programu yako inaruhusu iweke kwenye njia ya kusikilizia tu, isipite kwenye masta kabisa.