Ukiandikiwa kortizoni na una ugonjwa wa sukari: namna ya kupima, kula na kurekebisha insulini

Kama una ugonjwa wa sukari na daktari amekuandikia prednisoloni, deksametazoni au dawa nyingine ya jamii ya kortizoni, mwongozo huu ni wako. Ni wa anayemuuguza mzazi nyumbani pia, na wa wauguzi wenzangu katika vituo vya afya vya Kadutu, Ibanda na Bagira, ambako mgonjwa hufikia kwanza. Kazi yangu hapa Bukavu ni kuwafundisha wagonjwa kujipima na kujidunga insulini. Linaloniuma kuliko yote ni kumwona mtu anayejipima kila asubuhi bila kukosa, anasoma 110 (namba zote za sukari humu ni miligramu kwa desilita), anamshukuru Mungu, kumbe tangu mchana hadi usiku sukari yake inazunguka kwenye 300. Kortizoni ina saa zake. Anayezijua hashtukizwi.

Hatua ya 1: Hakikisha kama unachotumia ni kortizoni

Soma pakiti. Majina mengi ya dawa hizi huishia na «sone» au «solone». Daktari huziandika kwa sababu nzito: pumu iliyobana, mzio mkali, lupus (kinga ya mwili inaposhambulia mwili wenyewe), viungo vilivyovimba, magonjwa fulani ya figo, mama mjamzito anayetishiwa kuzaa kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae. Tangu Juni 2020 hutumika pia kwa wagonjwa wa Covid wanaohitaji oksijeni, deksametazoni miligramu 6 kwa siku. Usizikatae kwa hofu ya sukari. Pumu iliyobana inaua haraka kuliko sukari ya 300, na sukari hiyo tunaweza kuishusha.

Lakini zipo kortizoni ambazo hakuna daktari aliyeziandika. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni mara nyingi huwa na deksametazoni, pamoja na siproheptadini ya kuongeza hamu ya kula. Krimu za kung'arisha ngozi nyingine zina klobetasoli au betametazoni, na ukijipaka mwili mzima kwa miezi, dawa inaingia hadi kwenye damu. Hata sindano ya kortizoni unayodungwa gotini inahesabika. Mama, dada, ukija kwetu sukari imepanda ghafla na unatumia kimoja kati ya hivi, tuambie bila haya. Bila kujua hilo tutakuongezea dawa ya sukari bure, na siku utakapoacha vile vidonge, utaanguka.

Pampu ya pumu kwa dozi ya kawaida haisumbui sukari sana. Iendelee.

Hatua ya 2: Zijue saa za dawa yako

Kortizoni hulisukuma ini kumwaga sukari kwenye damu, huifanya misuli isiitikie insulini vizuri, na huzuia kongosho kutoa insulini ya kutosha. Ndiyo maana sukari huruka zaidi baada ya chakula kuliko mtu akiwa hajala.

Ukimeza prednisoloni saa mbili asubuhi, sukari hufika juu kabisa kati ya saa sita mchana na saa kumi alasiri. Chakula cha mchana kikiongezeka hapo, hubaki juu hadi jioni. Usiku dawa inaisha nguvu, sukari inashuka yenyewe, na alfajiri unaweza kuikuta ya kawaida kabisa.

Deksametazoni ni habari nyingine. Hukaa kazini siku moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo hata sukari ya asubuhi hupanda. Tena ina nguvu sana: miligramu 0,75 zake ni sawa na prednisoloni miligramu 5, au hidrokortizoni miligramu 20. Vidonge vinne vidogo vya miligramu 0,5 vinakaribia prednisoloni miligramu 13. Mtu anavimeza kwa siku moja akidhani ni kitu chepesi.

Hidrokortizoni ya sindano haikai sana, ila ikitolewa kila baada ya saa sita hospitalini, sukari haipati nafasi ya kupumzika. Sindano ya kwenye kiungo inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, hata wiki.

Hatua ya 3: Pima saa inayosema ukweli

Tazama mfano huu wa daftari la mtu mwenye kilo 60, anayemeza prednisoloni miligramu 20 saa mbili asubuhi:

Saa moja asubuhi: 112
Saa sita na nusu mchana, kabla ya kula: 178
Saa kumi na moja jioni: 316
Saa nne usiku: 241
Kesho yake, saa moja asubuhi: 118

Ukisoma mstari wa kwanza na wa mwisho tu, mtu huyu ni mzima. Kiu yake, kwenda haja ndogo mara kwa mara na macho kuona ukungu, vyote viko kwenye mistari ya katikati.

Wiki ya kwanza pima mara nne kwa siku: kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Najua bei ya bandeleti, vile vijiti vya kupimia. Kama unaweza kupima mara moja tu na unatumia prednisoloni ya asubuhi, pima jioni kabla ya kula. Ukipata ya pili, pima saa mbili baada ya chakula cha mchana. Kwa anayedungwa insulini, kipimo cha asubuhi kibaki pia, maana ndicho kinachoonyesha kama usiku ulishuka mno.

Maabara nyingine huandika kwa gramu: 1,80 kwenye karatasi yao ni 180 kwenye glukometa yako, kile kipimo chako cha nyumbani. Kwa sehemu kubwa ya watu tunalenga kati ya 110 na 180. Ikipita 200 jioni mbili mfululizo, nenda kituoni na daftari lako.

Hatua ya 4: Chakula cha mchana na cha jioni

Kortizoni inaleta njaa ya kweli. Usijilaumu kwa kuisikia. Punguza bugali ya mchana, ongeza lenga-lenga (mchicha), sombe (kisamvu), maharage, sambaza (dagaa). Chai bila sukari. Soda na kasiksi (pombe ya ndizi) viache kabisa kwa kipindi hiki. Usifunge kula ili kushusha namba, hasa kama unadungwa insulini.

Hatua ya 5: Kurekebisha dawa, pamoja na daktari

Anayemeza metformini huendelea nayo kama figo ni nzima, ila mara nyingi peke yake haitoshi. Glibenklamidi inanitia wasiwasi zaidi: hukaa muda mrefu mwilini, na usiku kortizoni ikiisha nguvu, yenyewe bado inashusha. Muulize daktari kama anaweza kukubadilishia.

Sukari ikibaki juu, insulini inayoendana vizuri na prednisoloni ya asubuhi ni NPH, ile yenye weupe kwenye chupa. Iviringishe chupa viganjani polepole hadi weupe uenee wote, usiitikise, ndipo uvute. Idungwe asubuhi, wakati uleule wa kumeza prednisoloni, kwa sababu zote mbili hupanda na kushuka karibu kwa saa zilezile.

Hesabu inayotumiwa na waganga kuanzia ni hii: yuniti 0,1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila miligramu 10 za prednisoloni, na haizidi 0,4 kwa kilo hata dozi ikipita miligramu 40. Mtu wetu wa kilo 60 kwenye miligramu 20 angeanza na yuniti 12. Kwenye 40 angeanza na 24. Kwa mzee, mwenye figo dhaifu au asiyekula vizuri tunaanza chini ya hapo. Hesabu hii nimeiandika ili uelewe dozi yako na uweze kuuliza maswali. Usijiandikie dozi ya kwanza mwenyewe.

Kama tayari unadungwa insulini ya mchanganyiko wa 70/30 (sehemu 70 za NPH, 30 za insulini ya haraka) asubuhi na jioni, inayoongezwa kwanza ni ya asubuhi, asilimia 10 hadi 20, kisha unapima siku moja au mbili kabla ya kuongeza tena. Hapa nataka msomaji atulie. Mtu akiona 316 jioni, mkono wake unaenda kuongeza sindano ya jioni ileile. Hiyo insulini itafanya kazi usiku, wakati prednisoloni imeshalala, na saa tisa usiku atakuwa anatoka jasho, anatetemeka, au hasikii akiitwa. Sukari ya jioni hurekebishwa kwa sindano ya asubuhi.

Kwa deksametazoni ya kila siku kanuni inabadilika: sindano ya jioni nayo huhitaji kuongezwa, kwa sababu dawa hii hailali. Mwenye sukari ya aina ya kwanza asiache insulini hata siku moja, hata akitapika.

Hatua ya 6: Kortizoni ikishuka, insulini ishuke nayo

Daktari akipunguza prednisoloni kutoka 40 hadi 30, amepunguza robo. Insulini uliyoongezewa ipungue robo pia: yuniti 24 ziwe 18, na kwenye 20 ziwe 12. Anayekupunguzia kortizoni mara nyingi si yule anayekufuatilia sukari, na kila mmoja anadhani mwenzake amekuambia. Kwa hiyo uliza mwenyewe, kabla hujatoka chumbani: «Daktari, na insulini nipunguze ngapi?»

Sukari ikiwa chini ya 70, au ukitetemeka na kutoka jasho, koroga vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji nusu glasi, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Mpake asali au sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu, mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Na kama umemeza kortizoni zaidi ya wiki tatu, usiiache ghafla, hata zile za kunenepesha. Tezi zako zinazotengeneza kortizoni ya mwili zimezoea kutofanya kazi, na mwili unaweza kuporomoka.

Usingoje kesho

Sukari zaidi ya 300 mara mbili mfululizo pamoja na kutapika, kupumua kwa nguvu, pumzi inayonukia matunda, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa: nenda hospitali usiku huohuo, iwe Panzi au Hospitali Kuu ya Mkoa, kutegemea upande unaokaa.

Ukimaliza dawa

Endelea kupima kwa wiki moja, asubuhi na jioni. Kama hukuwa na ugonjwa wa sukari kabla ya kortizoni, rudi baada ya wiki sita upimwe kabla ya kula, na ukipata uwezo, fanya kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c). Kwa wengine sukari inarudi kawaida, kwa wengine kortizoni imefichua ugonjwa uliokuwa unakuja.

Kwenye ukurasa wa mbele wa daftari andika jina la kortizoni, dozi, siku ulizotumia, na yuniti zilizokutosha. Pumu ikirudi msimu wa mvua, daktari ataanzia hapo.