Jinsi ya kutafuta vikomo vya sin, cos na tan

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyezoea trigonometria ya pembetatu, sasa anakutana na sin x/x ubaoni na kuulizwa kikomo chake, yaani thamani ambayo usemi unaikaribia x inapokwenda kwenye nambari fulani. Isipotajwa vinginevyo, hapa x inakwenda 0.

Hatua ya 1. Weka ile thamani ambayo x inaiendea. Ukipata nambari, umemaliza. Ukipata 0/0, endelea.

Hatua ya 2. Hamisha kikokotoo kwenye radiani. Hapa ndipo jioni nzima hupotea. Kikokotoo cha sekondari aghalabu bado kiko kwenye digrii, na ile D ndogo juu ya kioo ni rahisi kutoiona. Kwenye kikokotoo cha Casio fx-82MS bonyeza MODE mara mbili, kisha 2, hadi itokee R. Jaribu sin(0.01) ÷ 0.01: upate 0.99998. Ikija 0.01745, hujatoka kwenye digrii. Kikokotoo hakijaharibika, hiyo ni π/180, kikomo halisi cha sin x/x pembe ikipimwa kwa digrii. Kikomo huwa 1 kwa radiani tu, maana kwenye duara lenye nusukipenyo 1, radiani ndiyo urefu wa tao lenyewe, na tao dogo karibu lilingane na sin yake.

Tena, usiingize x ndogo kupita kiasi. Kwa (1 − cos x)/x², x = 0.01 inatoa 0.499996, vizuri kabisa. Weka 0.0000001 na huenda ukaona 0: cos imekadiriwa kuwa 1 kamili, tofauti ikamezwa. Kikokotoo ni cha kuhakiki, si cha kutafutia jibu.

Hatua ya 3. Linganisha pembe na kilicho chini. Sin u/u hukaribia 1 iwapo u ni ile ile juu na chini, nayo inakwenda 0. Kwa hiyo:

sin 5x/(3x) = (5/3) · sin 5x/(5x) → 5/3

Kufuta "sin" au kuitoa 5 nje ya sin ni marufuku. Ikiwa x inakwenda π/2, kama katika cos x/(x − π/2), andika u = x − π/2 kwanza; cos x inageuka −sin u, jibu ni −1.

Hatua ya 4. Ukiona 1 − cos, zidisha juu na chini kwa 1 + cos. Juu itabaki sin², kisha gawa juu na chini kwa x² (tan u/u nayo hukaribia 1, kwa kuwa ni sin u/u kugawa cos u):

(1 − cos 3x)/(x tan 2x) = sin² 3x/[x tan 2x (1 + cos 3x)] → 9/(2 · 2) = 9/4

Wengi hukimbilia kanuni ya L'Hôpital, ya kutafuta difrensiesheni (kasi ya mabadiliko) ya juu na ya chini kando kando. Mimi siipendi hapa: difrensiesheni ya sin yenyewe imejengwa juu ya kikomo cha sin x/x, kwa hiyo unazunguka mduara.

Hatua ya 5. Soma tena x inakwenda wapi. Ikienda kwenye infiniti, sin x/x ni 0, kwa sababu sin haitoki kati ya −1 na 1 huku x ikizidi kukua.