Slaidi ngapi zinatosha? Anza na dakika ulizopewa

Kazi yangu hapa Dodoma ni kuwasaidia maofisa kuandaa mawasilisho, na swali la kwanza huwa hilohilo: "Mwalimu, niweke slaidi ngapi?" Nami huuliza: umepewa dakika ngapi, na unataka wajumbe wakubali nini kabla hawajatoka ukumbini? Tukishapata majibu hayo, tunaendelea hivi.

Hatua ya 1: Tafuta dakika za kweli. Ratiba ikisema dakika 20, zote si zako. Kuna itifaki, kuna utambulisho, kuna maswali. Mgeni rasmi akichelewa, muda unaofidiwa ni wa mwasilishaji. Dakika 20 mimi huzihesabu 12. Siku moja kabla, mpigie katibu wa kikao umuulize kama maswali yamo humohumo.

Hatua ya 2: Zungumza bila slaidi. Simama chumbani, washa saa ya simu, eleza jambo lako kwa mdomo. Kila hoja iandike kwenye karatasi. Kwa dakika 12, hoja tatu au nne zinatosha kabisa.

Hatua ya 3: Gawanya. Anza na slaidi moja kwa dakika moja hadi mbili. Dakika 12 zitakupa slaidi 6 hadi 12. Hapo ni pa kuanzia tu. Guy Kawasaki, mwekezaji na mwandishi wa Marekani, hushauri slaidi 10, dakika 20, na herufi zisizopungua pointi 30, akiwalenga hasa wanaoomba mtaji. PechaKucha, mtindo wa kuwasilisha ulioanza Tokyo mwaka 2003, una slaidi 20 za sekunde 20 kila moja: dakika 6 na sekunde 40, basi. Watazamaji hawachoki, kwa kuwa slaidi zenyewe ni picha. Kwa hiyo tazama uzito wa slaidi kabla hujahesabu idadi. Kwangu mimi, zile pointi 30 ndizo zenye faida kubwa, maana kwa herufi kubwa hivyo maneno mengi hayaenei kwenye slaidi.

Hatua ya 4: Pasua slaidi nzito. Hapa ndipo penye kazi. Afisa ugani mmoja aliniletea slaidi yenye kichwa "Hali ya zao la zabibu" na mistari saba chini yake: mavuno mara mbili kwa mwaka, magonjwa, maji, bei, soko, na kadhalika. Kuisoma tu kulimchukua dakika nne. Nikamuuliza wakulima wafanye nini wakirudi shambani. Akajibu wakague mapema ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mizabibu. Tukatengeneza slaidi tatu: picha ya jani lenye unga mweupe, picha ya kichala kilichoharibika, kisha mstari mmoja, "Kagua chini ya majani kila wiki." Slaidi zimeongezeka, lakini zote tatu alizimaliza kwa dakika mbili na nusu. Bei na soko tukaviacha kwa siku nyingine.

Jedwali la bajeti lenye mistari 14 lichape kwenye karatasi uwagawie. Ukutani onyesha mistari mitatu inayohitaji uamuzi.

Hatua ya 5: Ombi lako likae mbele. Niliwahi kusimama mbele ya madiwani na slaidi 31 kwa dakika 15. Nikiwa slaidi ya 11, mwenyekiti akasema, "Malizia kwa dakika mbili." Pendekezo la kisima lilikuwa slaidi ya 29. Kikao kiliahirishwa bila kulijadili, na kijiji kile kikaendelea kusubiri maji. Mpaka leo inaniuma. Tangu hapo, ninachoomba kinakaa slaidi ya 2 au ya 3.

Hatua ya 6: Weka slaidi za akiba. Takwimu za kujibia maswali ziweke baada ya slaidi ya mwisho, wala usizihesabu. Namba zake ziandike kwenye karatasi; kwenye PowerPoint ukionyesha, ukiandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter unafika moja kwa moja.

Hatua ya 7: Fanya mazoezi mara mbili, kwa sauti, ukipima muda. Ukizidisha, toa slaidi, usikimbize maneno. Kisha chapa ile slaidi ya ombi, uiweke kwenye faili. Umeme ukikatika na projekta ikazimika, utaendelea nayo mkononi.