Mwongozo: kuuliza utambulisho wa jinsia bila kuharibu hesabu ya sensa

Kenya huhesabu watu kila baada ya miaka kumi, kwa hiyo zamu inayofuata ni 2029. Huku Malindi na Lamu vijana wa takwimu wameshaanza kuulizana: kipengele cha utambulisho wa jinsia kikija, kitaulizwaje? Mwongozo huu ni wa anayeandaa hojaji au anayefunza makarani. Mwenye hamu ya kubishana kama swali lafaa kuulizwa au halifai, atafute baraza jingine.

Niseme mapema ninachokisimamia. Hesabu hii haiharibiwi zaidi na anayeficha. Inaharibiwa na yule ambaye jambo halimhusu hata kidogo, lakini akalisikia swali vibaya na kujibu kwa moyo mweupe.

Hatua ya 1: Jua unapima nini

Kuna mambo matatu, na watu huyachanganya kila siku. La kwanza ni umbile: mtu aliyezaliwa huntha, ambaye mwili wake haukuwa wazi kuwa wa kiume au wa kike. La pili ni vile mtu alivyoandikwa au kutajwa siku ya kuzaliwa. La tatu ni vile mtu mwenyewe anavyojijua leo. Hilo la tatu ndilo utambulisho wa jinsia. Nani anampenda nani ni jambo la nne, nalo halimo kabisa katika swali hili. Lifute kwenye rasimu kabla halijamfukuzisha karani mlangoni.

Sensa yetu ya 2019, iliyohesabu waliolala nchini usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, ilipima la kwanza. Karani alikuwa na majibu matatu: mume, mke, huntha. Kati ya watu 47,564,296 walipatikana huntha 1,524. Kaunti ya Kilifi, ilimo Malindi, ilikuwa na 25; Lamu wanne. Kenya ilikuwa ya kwanza Afrika kufanya hivyo, na haikuja bure: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mtoto aliyewekewa alama ya kuuliza kwenye sehemu ya jinsia katika karatasi za hospitali, na baadaye jopo la serikali likapendekeza huntha wahesabiwe.

Lakini ile 1,524 haikuambii lolote kuhusu watu waliozaliwa wa kike na leo wanajijua kuwa wanaume, au kinyume chake. Nimeona ripoti zikiitumia kana kwamba inasema. Ukitaka yote mawili, uliza maswali mawili tofauti.

Hatua ya 2: Chagua muundo wa swali

Nchi zilizotangulia zimetuachia miundo mitatu.

Uingereza na Wales, katika sensa ya Machi 2021, waliuliza kwa mkupuo mmoja kama jinsia mtu anayojitambulisha nayo ni ileile aliyosajiliwa nayo alipozaliwa. Lilikuwa la hiari, kwa wenye miaka 16 na zaidi. Asilimia 94 walijibu, na watu 262,000 hivi, yaani asilimia 0.5, wakasema hapana. Kisha watu wakaanza kutazama majedwali kwa jicho kali. Mbona Newham na Brent, mitaa ya London yenye wahamiaji wengi, ziko juu kabisa? Mbona wasiokijua Kiingereza vizuri wamesema "hapana" kwa kiwango kikubwa kuliko wenye lugha yao? Ilionekana wengine hawakulielewa swali. Septemba 2024 takwimu hizo ziliondolewa daraja lao la takwimu rasmi zilizoidhinishwa na kuitwa takwimu ambazo bado zinaendelea kuboreshwa.

Skoti mwaka 2022 waliuliza moja kwa moja kama mtu ni transjenda, yaani anayejijua tofauti na alivyoandikwa alipozaliwa, au aliwahi kuwa, wakapata 19,990. Swali hilo linahitaji kila mtu alijue hilo neno. Kwetu hapana.

Kanada mwaka 2021 waligawa mara mbili: jinsia aliyozaliwa nayo mtu, kisha jinsia yake ya sasa. Kati ya karibu watu milioni 30.5 wenye miaka 15 na zaidi, walipata 100,815. Hapa hakuna anayeulizwa alinganishe chochote kichwani. Anajibu mambo mawili mepesi, na mashine ndiyo inayolinganisha. Chukua huu.

Hatua ya 3: Andika kwa maneno ya mlangoni

Usitafsiri hojaji ya nchi nyingine. Andika, kisha isome kwa sauti kama mtu aliyepiga hodi. Mimi huanza hivi:

Swali A: "Ulipozaliwa, watu walisema amezaliwa mtoto gani, wa kiume au wa kike?"

Swali B: "Na leo, wewe mwenyewe unajijua kuwa nani?" Majibu: mwanamume, mwanamke, si mmoja kati ya hao, sipendi kujibu.

Swali C, linalojitokeza tu pale A na B zinapopishana: "Nimeandika kwamba ulizaliwa mtoto wa kike, na leo unajijua kuwa mwanamume. Nimeandika sawa?"

C ndilo linalookoa hesabu. Ofisi ya Sensa ya Marekani iliweka swali la kuthibitisha la namna hii katika utafiti wake wa kaya mwaka 2021. Kidole kikiteleza kwenye kioo cha kishikwambi, C linakidaka papo hapo.

Huntha abaki na swali lake, na liulizwe kwa upole: "Kuna watoto huzaliwa maumbile yao hayako wazi kuwa ya kiume au ya kike. Je, wewe ulizaliwa hivyo?" Ukikuta hojaji ya kuazima inauliza mtu aitwe kwa kiwakilishi gani, futa. Kwetu sote ni "yeye".

Hatua ya 4: Jaribu kwa watu ambao swali haliwahusu

Hapa ndipo wengi wanaporuka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukijaribu swali kwa watu wa transjenda peke yao, watalielewa. Wameishi nalo. Lipeleke kwa mama muuza samaki, kwa kijana wa tuktuk, kwa mzee wa shamba. Katika jaribio moja Malindi tulikuwa na tafsiri safi kabisa ya swali la Uingereza. Karani alimsomea bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchicha kibarazani: "Je, jinsia unayojitambulisha nayo ni ileile uliyosajiliwa nayo ulipozaliwa?"

"La, mwanangu," bibi akasema bila kuinua macho. "Mimi sikusajiliwa. Nimezaliwa shamba, cheti nitakitoa wapi?"

Karani akabonyeza "hapana", akashukuru, akasogea swali linalofuata. Kwenye jedwali bibi yule alishakuwa transjenda. Hakuna aliyekosa adabu wala aliyedanganya: bibi alijibu alichoulizwa, karani akaandika alichoambiwa.

Lamu kosa lina sura nyingine. Ukitamka "utambulisho", kijana anasikia kitambulisho. Anaanza kukueleza jinsi alivyozungushwa, mara lete cheti cha babu, mara rudi wiki ijayo, na ana haki ya kulalamika. Ila jibu lake halina uhusiano wowote na jinsia. Ndiyo sababu katika Swali B nimeandika "unajijua", na lile neno la kitaalamu nimeliacha kwenye kichwa cha ripoti.

Namna ya kujaribu: msomee mtu swali, apate kujibu, kisha muulize, "Umelielewaje? Nieleze kwa maneno yako." Yaandike maneno yake kama yalivyo. Malindi usisahau wanaohojiwa kwa Kigiriama. Ukimwachia kila karani atafsiri papo hapo, utakuwa na maswali mengi kama makarani ulionao. Kubalianeni tafsiri moja darasani na iingizwe kwenye kishikwambi.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya makosa kabla ya kwenda nyanjani

Chukua mfano wa kubuni wa watu wazima 100,000. Tuseme 300 kati yao kweli wanajijua tofauti na walivyozaliwa, na kwa hofu ni 100 tu wanaokiri. Sasa tuseme katika wale 99,700 waliobaki, nusu ya asilimia moja tu wamelisikia swali vibaya. Hao ni karibu 500. Jedwali litaonyesha 600, na kwa kila sita, watano hawahusiki.

Geuza sasa. Wangapi kati ya wale 300 wataandikwa kuwa hawamo? Mia mbili, ambao ndani ya 100,000 hawaonekani. Kosa la upande mmoja linazama, la upande wa pili linafurika. Kwa hiyo weka kikomo: jaribio likionyesha zaidi ya mtu mmoja katika elfu anakosea, swali lirudi mezani. Kikomo hicho ni changu, nawe unaweza kukikaza zaidi.

Hatua ya 6: Nani anajibu, na nani anasikia

Kwa mazoea, mkuu wa kaya hujibu kwa niaba ya wote. Umri na elimu sawa. Kwa Swali B haifai: baba hawezi kumsemea bintiye wa miaka ishirini anavyojijua. Kishikwambi kifunge swali mpaka mhusika awepo, na kama hayupo iandikwe "hakuulizwa". Usikubali makisio, na usiwaulize watoto.

Nyumba za mji wa kale wa Lamu zina daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na mgeni huketi hapo. Mpita njia anasikia, shangazi aliye ndani anasikia. Badala ya kumtaka mtu ajibu kwa kinywa, mgeuzie kioo abonyeze mwenyewe. Kwa asiyesoma, kadi zenye rangi zinatosha, mradi zimeelezwa kabla. Wanawake wahojiwe na karani mwanamke inapowezekana. Karani ameapa kutunza siri, na aliseme hilo kabla ya Swali A. "Sipendi kujibu" ni jibu kamili, asimbembeleze mtu.

Hatua ya 7: Chunga unachochapisha

Wale huntha wanne wa Lamu, kaunti ya watu 143,920, ni idadi ndogo, lakini katika ngazi ya kaunti imejificha. Ishushe hadi kata, halafu kijiji kama Matondoni, kisha uongeze umri na kazi, na umemtaja mtu bila kuandika jina lake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu jinsia ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Kanada hukadiria kila idadi iishie na 0 au 5. Kwa Swali B mimi singeshuka chini ya kaunti, na singelipanga pamoja na dini au kabila. Pembeni ya idadi hiyo andika waliokataa kujibu, na waliobadili jibu walipofika Swali C. Hao wa mwisho wakiwa wengi kuliko waliothibitisha, usichapishe. Rudi Hatua ya 4.