Kuvuna koni za msonobari na kukuza miche, hatua kwa hatua

Wanaotaka kuotesha misonobari huulizia mbolea kwanza. Mimi huulizia mti mama, kwa sababu mche mwingi dhaifu umeharibika kabla mbegu haijagusa udongo.

1. Chagua miti mama. Tafuta miti iliyonyooka, yenye matawi membamba na afya nzuri, katikati ya mingine ya aina yake. Mti uliosimama peke yake hushawishi, maana koni zake (vitunda vigumu vya magamba vinavyobeba mbegu) ziko chini na zinafikika. Uache. Hujichavusha wenyewe, na sehemu kubwa ya mbegu zake huwa mapepe, tupu ndani. Mwaka wenye koni haba nao upishe: chavua huwa kidogo, na wadudu hula zile chache zilizopo. Changanya mbegu za miti 20 au zaidi, iliyoachana.

2. Pasua kabla ya kuvuna. Kwa misonobari mingi, koni huchukua takribani miaka 2 kukomaa, hivyo mti mmoja hubeba za rika mbili. Za kijani ni changa; zilizokomaa huanza kugeuka kahawia. Ila rangi hudanganya. Pasua koni chache kwa urefu, kisha kata mbegu zenyewe. Mbegu iliyoiva ina nyama nyeupe iliyoshikana, na kiinitete kimejaza karibu nafasi yake yote. Ukikuta majimaji, rudi baadaye. Usingoje zifunguke mtini lakini. Mbegu ina bawa, na upepo hauombi ruhusa. Chuma koni peke yake bila kukwanyua tawi, kwani ndilo lenye mavuno ya mwakani.

3. Kausha na usafishe. Anika koni kwenye turubai na uzigeuze mpaka zifunguke. Spishi kama *Pinus patula* huziba koni kwa utomvu. Hizo zitumbukize kwenye maji ya moto kwa muda mfupi sana, kisha uzirudishe juani. Kuzikausha juu ya jiko ni njia nyepesi ya kuua mbegu. Fikicha mbawa ndani ya mfuko wa kitambaa, pepeta, hifadhi mbegu kavu penye baridi katika chombo kisichopitisha hewa.

4. Sia. Loweka mbegu saa 24. Spishi nyingi za nchi za baridi huhitaji pia wiki 3 hadi 8 zikiwa na unyevu kwenye nyuzijoto 3 hadi 5, ndipo zichipue kwa pamoja. Tumia mchanga mwepesi wenye pH (kipimo cha uchachu) ya 5 hadi 6, yaani mchachu kidogo. Majivu na chokaa weka mbali: udongo wa alikali, pamoja na maji mengi, hukaribisha kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha miche michanga shinani, na kitalu kizima kinaweza kulala. Funika mbegu kwa udongo wenye unene kama wake tu.

5. Hamishia kwenye viriba, vile vifuko vya kukuzia miche. Wakati mzuri ni mche ukiwa bado njiti ya kiberiti, ganda la mbegu likiwa kichwani. Shika kichwa hicho, kamwe si shina. Toboa shimo refu kuliko mzizi. Mzizi ukijikunja hapa, mti hautanyooka chini ya ardhi maisha yake yote, na ukubwani utaangushwa na upepo. Mzizi mrefu mno ukate ncha.

Ndani ya udongo wa kiriba changanya udongo kidogo uliotoka chini ya misonobari iliyokomaa. Una kuvu wa mikoriza wanaoisaidia mizizi kunyonya fosforasi. Miche iliyowakosa hudumaa na kuwa ya njano au zambarau, na watu huimwagia mbolea bure.

6. Kata mizizi, komaza. Mizizi ikitokeza chini ya kiriba, ikate kila baada ya wiki chache, umwagilie palepale. Mwezi wa mwisho ondoa kivuli na upunguze maji. Mche wa sentimita 20 hadi 30, wenye shina gumu la chini, uko tayari. Shambani chana kiriba chote. Usiuvute mche kwa shina.